Bia Kwenye Shati la Kinyozi

Harufu ya bia niliisikia kabla sijamwona mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Jumatatu chumba cha mahabusu nyuma ya mahakama yetu hujaa waliokamatwa mwisho wa wiki: waliopigana, walioiba kuku, waliotukanana na wenye nyumba wao, na walevi. Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili. Kazi yangu ni kupita mle ndani kabla hakimu hajaketi, niwatazame wote, nimtafute yule ambaye kosa lake limetokana na ugonjwa. Nikimpata namfuata mwendesha mashtaka, namfuata hakimu, na wakikubali, mtu huyo haendi gerezani. Anapitia chumbani kwangu, anaanza dawa, anarudi kwake chini ya uangalizi, na kesi inawekwa kando mradi ahudhurie kliniki. Mpango huu una jina refu la kiserikali ambalo hata waziri sidhani kama analimaliza kwa pumzi moja. Sisi tunauita mlango wa pembeni.

Watu husema mimi ni mbishi. Ni kweli, na ndiyo sababu nikapewa kazi hii. Zamani wagonjwa wangu walikuwa wanaondoka na gari la magereza, wanakaa huko bila dawa mpaka wanasahau majina yao, kisha wanarudishwa kwangu na mimi ndiye naulizwa kwa nini hawapati nafuu. Sasa nawazuia kabla hawajapanda hilo gari. Nikishasimama mahali sisukumwi kirahisi, na umbo langu nalo linanisaidia.

"Huyo achana naye, sista," askari wa zamu aliniambia, akielekeza kidevu kwenye kona. "Mlevi tu huyo. Mke wake mwenyewe katuambia."

Mwenye shati la bia alikuwa amekaa chini, uso ukutani. Ni kinyozi, mwanamume wa makamo, na ndevu zake mwenyewe zilikuwa zimenyolewa upande mmoja tu. Sahani ya bati aliyoletewa chakula alikuwa ameigeuza kifudifudi na juu yake ameweka kiatu, kana kwamba ingeweza kuinuka. Nikachuchumaa karibu naye.

"Vua hiyo," alisema bila kunitazama.

"Nivue nini, kaka?"

"Miwani. Yumo ndani."

Nikaivua. Bila miwani mimi sitofautishi askari na kabati, kwa hiyo tukazungumza hivyo hivyo, yeye haoni sura yake kwenye miwani na mimi siioni yake. Alinieleza polepole, kwa adabu, kwamba kuna mtu anayefanana naye anayekaa kwenye vioo. Mtu huyo ana wembe, na Ijumaa alikuwa ameanza kutoka. Ndiyo maana akavunja vioo vyote vya kibanda chake cha kunyolea, na alipomaliza vya kwake akaingia kwa jirani yake, fundi vioo, ambako ni vioo vitupu kuanzia sakafuni hadi juu. Fundi alipojaribu kumzuia alisukumwa, akaanguka akachanika mkono.

"Nilikuwa namwokoa," alisema Kinyozi. "Ila hakuelewa."

Wakati anasema hayo nilikuwa nimemsogelea kiasi cha kusikia pumzi yake. Ilikuwa pumzi ya mtu mwenye njaa, basi. Bia ilikuwa kwenye shati, begani na mgongoni, na mimi sijawahi kuona mtu anayekunywa kwa mgongo. Tena aliyelewa Ijumaa, hata awe bingwa wa walevi, Jumatatu utamkuta anaumwa kichwa na kuomba maji, hafuniki sahani kwa kiatu. Nikavaa miwani yangu nikiwa nje ya mlango. Nilijua huyu namtoa.

Mkewe nilimkuta kwenye benchi la korido, mwanamke mwembamba, mgongo wima, begi amelikumbatia mapajani. Kwenye benchi la pili walikaa wanaume kadhaa wenye nywele zilizohitaji kupunguzwa. Walikuwa wateja wa Kinyozi, wamekuja kuona kesi ya mtu wao.

"Mama, mumeo anaumwa tangu lini?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Haumwi. Amelewa." Alijibu haraka, tena kwa sauti ya kusikika benchi la pili. "Mlevi sugu yule, dada. Mtaa mzima unajua."

"Anakunywa nini?"

"Bia."

"Bia gani?"

Akafikiri. "Ya chupa."

"Anaipenda ya baridi au ya kawaida?"

"Inategemea," alisema, na macho yakaanza kuhangaika. "Inategemea na mboga."

Nilicheka. Siwezi kujizuia, ndivyo nilivyoumbwa. Naye akataka kukasirika, midomo ikamcheza, mwishowe machozi yakamtoka. Nikamshika mkono, nikampeleka chumbani kwangu, nikafunga mlango.

Hapo ndipo alipomwaga mtama. Chupa hukaa nyuma ya debe la unga. Akiona mumewe ameanza kutolala, ameanza kutundika shuka juu ya kioo cha chumbani, yeye huichukua chupa akammwagia shatini na kumpaka kidogo kidevuni. Akishamaliza ndipo hufungua mlango na kuanza kulalamika kwa sauti ili majirani wasikie: jamani mume huyu na pombe zake! Ijumaa alichelewa. Alimkuta Kinyozi ameshafika kwa fundi vioo, akammwagia kwa nyuma palepale, kabla polisi hawajafika. Na ujanja huo hakuubuni yeye. Alifundishwa na mama mkwe wake alipoolewa tu, pamoja na namna ya kupika na namna ya kukaa na wakwe. Baba mkwe naye alikufa akijulikana kuwa mlevi mkubwa, na maishani mwake hakuwahi kuonja.

"Kule kwenye baa wanadhani mnywaji ni mimi," alisema, akipangusa pua. "Nikiingia tu wananiuliza, mama, ya kawaida?"

"Na kwa nini yote hayo?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Mlevi watu wanamcheka, dada, na kesho wanarudi kunyolewa. Wanamwangalia tu macho asubuhi, wakiona yuko sawa wanakaa. Sasa kichaa nani atampa shingo yake? Mume wangu anashika wembe! Watoto wangu wamelishwa na kiti kile. Nikitamka neno hilo mbele ya wale waliokaa pale nje, kiti kimekufa."

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia yule mama mkwe aliyezikwa zamani, na mumewe aliyezikwa na jina lisilo lake.

"Sikiliza, mama," nilimwambia. "Mlango wangu haupokei walevi. Hakimu wa leo alilelewa na baba mlevi, wala hafichi. Mlevi aliyevunja mali ya watu na kumwaga damu ya jirani, anampeleka ndani bila kupepesa macho. Leo mchana mumeo anapanda gari la magereza. Huko hatapata dawa, na akimsukuma mtu huko hatasukumwa tu, atapigwa."

"Basi sema wewe. Wewe ndiye mtaalamu."

"Nitasema. Lakini polisi wameshika maneno yako, na mimi nimemjua mumeo asubuhi hii. Nikisema mgonjwa na mkewe akisema mlevi, unadhani ataaminiwa nani?"

Alikunja begi lake, akalikunjua. Karani alipopiga kelele kwamba mahakama inaanza, alisimama akatoka, akaenda kukaa mstari wa mbele, mbali na mimi.

Mwendesha mashtaka ni kijana mzuri, tunaheshimiana, lakini siku hiyo alikaza uzi. Nilipoomba Kinyozi apelekwe kliniki badala ya rumande, alisimama.

"Mheshimiwa, namheshimu sana sista. Ila mshtakiwa alikamatwa ananuka pombe, na bado ananuka. Mke wake amewaambia polisi kwamba ni tabia yake ya siku nyingi. Tukianza kuwaita walevi wote wagonjwa, sista atahitaji uwanja wa mpira, siyo chumba."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Ni mama mtu mzima, sauti yake haipandi wala haishuki, na mawakili wanamwogopa zaidi kwa hilo. Akamgeukia Kinyozi, aliyekuwa kizimbani amefumba macho kwa viganja viwili, kwa sababu hakimu naye anavaa miwani.

"Ondoa mikono usoni," alisema. "Siku ya Ijumaa ulikuwa umelewa?"

Kinyozi aliteremsha mikono kidogo tu. Hakumtazama hakimu. Alimtafuta mke wake mle ukumbini mpaka akampata, kisha akasema kama mtoto anayetamka shairi mbele ya darasa: "Nilikuwa nimelewa, mheshimiwa. Ni pombe tu. Naomba radhi kwa jirani zangu wote. Sitarudia tena."

Kisha akarudisha viganja machoni.

Niseme wazi kwamba moyo uliniuma. Mtu huyu alikuwa amezingirwa na adui anayemwona yeye peke yake, hajalala tangu sijui lini, akili imemtawanyika pande zote, na bado kipande kilichobaki kilikuwa kinalinda siri ya nyumba yake. Nilifungua mdomo nimkatize, hata kama ningetolewa nje. Sikuwahi.

"Muongo!" mkewe alipaza sauti. Alikuwa ameshasimama, begi limeanguka. "Anadanganya, mheshimiwa! Mume wangu hajawahi kunywa pombe. Maneno hayo nimemfundisha mimi. Bia nimemmwagia mimi."

Askari mmoja akasogea, hakimu akamzuia kwa kidole.

"Endelea, mama."

"Anaumwa, mheshimiwa. Anaumwa ugonjwa wa akili, na baba yake aliumwa." Aligeuka kabisa, akawaelekea wale wateja wenye nywele ndefu. "Mmesikia? Ni akili. Haya, nimesema."

Nilidhani tumeshinda, nami nikaanza kukusanya vitu vyangu. Haraka yangu. Kwenye mpango wetu mlalamikaji naye lazima akubali. Akikataa, kesi inaendelea kama kawaida. Na mlalamikaji, yule fundi vioo, alikuwa amesimama na mkono wake uliofungwa bendeji, uso umemwiva.

Fundi vioo ni mlevi aliyeacha, na kuacha kwake anakujua kila mtu, maana haachi kukusimulia. Ameanzisha kikundi cha watu wanaojitoa kwenye pombe. Wanakutana kila wiki nyuma ya karakana yake, kila mmoja anasimama kueleza wiki yake ilivyokwenda, wenzake wanampa moyo. Na mwanakikundi wake mwaminifu kuliko wote alikuwa Kinyozi.

"Shemeji, mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa!" alimwambia mke wa Kinyozi, akamsahau hakimu kabisa. "Mimi nimembeba huyu! Nimemwombea! Sherehe ngapi sikuhudhuria ili nikae naye asitamani? Mheshimiwa, mtu huyu alisimama mbele yetu akatoa ushuhuda wa kulala mtaroni, mvua inamnyeshea, hajui nyumbani ni wapi. Watu wazima tulilia! Kumbe anatuchezea?" Akamgeukia Kinyozi, na hapo sauti ikamkatika. "Ulikuwa unakuja kufanya nini, bwana? Niambie mimi. Ulikuwa unakuja kutucheka?"

Mwendesha mashtaka alitaka kumkalisha. Hakimu akatikisa kichwa, halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akavua miwani yake, akaiweka mezani, vioo chini.

"Mjibu jirani yako," alisema.

Kinyozi alitoa mikono usoni. Ilimchukua muda. Midomo ilienda bila sauti, akatikisa kichwa kana kwamba kuna mtu mwingine anayemkatiza na anamwomba angoje.

"Mtaroni nililala kweli," alisema. "Mvua ilininyeshea kweli. Yote yalikuwa kweli, jirani. Niliongeza pombe tu."



"Kule kwako," Kinyozi aliendelea, "mtu akisema wiki hii imenishinda, mnampigia makofi."

Nimefanya kazi hii muda mrefu, nimesikia wagonjwa wakisema mengi, na madaktari zaidi, lakini maneno yale yalinikalisha. Fundi vioo alisimama tu, anatazama bendeji yake. Mwishowe akapangusa uso kwa mkono ule mzima.

"Mheshimiwa, vioo nitakata vingine, ndiyo kazi yangu," alisema. "Apelekwe kwa sista. Ila akipata nafuu arudi kikundini, na safari hii aseme ukweli wote, maana mimi sitaki kudanganywa mara mbili."

Hakimu aliandika. Mwendesha mashtaka, nilipomtazama, alinyanyua mikono juu kidogo kukubali yaishe, nami nikajua kwenye kesi nyingine nina deni lake. Amri ilikuwa fupi: Kinyozi atibiwe, ahudhurie kliniki, mimi nilete taarifa, na akiacha bila sababu tutaonana tena humo humo. Kisha hakimu akavaa miwani na kumtazama mke.

"Na wewe mama, hiyo chupa yako ukaimwage."

"Nilishaimwaga, mheshimiwa," alijibu. "Yote iko kwenye shati lake."

Hata hakimu akainamia makaratasi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Chumbani kwangu nilikuwa nimeshageuza kioo cha juu ya beseni la kunawia kikaelekea ukutani. Daktari alikuja akampima, nikamchoma sindano, tukamvua lile shati, tukampa la hospitali. Akalala kwenye kitanda changu chembamba, amejikunja, na baada ya kitambo mikono ikamlegea yenyewe ikaacha uso wake wazi. Mkewe alikaa kwenye kiti, anamwangalia. Nilimweleza dawa zinavyofanya kazi, na kwamba hazifanyi miujiza kesho asubuhi, na kwamba wako watu wengi wanaoumwa hivi na wanashika wembe, usukani, chaki na mtoto wa kunyonya, wakitibiwa. Nilimwambia pia kwamba wapo wateja watakaoondoka. Sipendi kumvisha mtu kilemba cha ukoka halafu akaenda kuaibikia nyumbani.

"Najua," alisema. "Wawili walitoka nikiwa bado nazungumza. Niliwaona."

Simu yake ikaita ndani ya begi. Alilitazama jina, akanitazama mimi. Alikuwa mteja wa siku nyingi, tena mkubwa, aliyekuwa anawaleta na wanawe wote. Mara zote mtu huyu alipopiga na kukuta kibanda kimefungwa, jibu lilikuwa moja: amelewa kidogo, njoo keshokutwa. Akapokea.

"Hapana, leo hafungui," alisema. "Wala kesho. Hapana, hajalewa." Akafumba macho. "Mume wangu anaumwa. Ugonjwa wa akili. Ameanza matibabu, na—"

Akaishusha simu sikioni, akaiangalia.

"Amekata," alisema.

Nje kulisikika gari la magereza likiwashwa, askari wakiita majina. Kinyozi alijigeuza usingizini, akatulia. Nilidhani mkewe atalia, nikavuta kiti nikae naye karibu.

Badala yake alikohoa, akajiweka sawa kitambaa kichwani, akabonyeza namba ile ile, akaiweka simu sikioni akingoja.

"Shemeji, umekata au ni mtandao?" alisema. "Basi hata kama umekata, sikiliza, maana sikuwa nimemaliza."